Gari Jipya au Lililotumika? Hesabu Haiishii Kwenye Bei

Ukitangaza kwamba unataka kununua gari, utapata ushauri wa aina mbili, na kila anayeutoa ana uhakika. Mmoja atasema chukua jipya, ulale usingizi. Mwingine atasema jipya ni kutupa pesa, tafuta lililotumika. Mimi nilimsikiliza huyu wa pili kwa pupa, nikaumia. Na bado naamini kwamba kwa watu wengi yeye ndiye mwenye hoja nzito zaidi, ila hoja yake ina sharti ambalo husahaulika kutajwa.

Tuanze na kushuka kwa thamani. Kwa makadirio ya kawaida, mwaka wa kwanza peke yake humeza kama asilimia 20 ya bei ya gari jipya, na likifika miaka 5 mara nyingi limebaki na nusu ya thamani yake au pungufu. Hapo injini haijachoka wala bodi haijaoza. Anayelinunua wakati huo anakuta mwenzake ameshabeba sehemu kubwa ya hasara, na mbele yake bado kuna miaka mingi ya barabarani.

Lakini hesabu hiyo hupigiwa debe bila kumaliziwa. Kushuka kwa thamani kunamuuma anayeuza mapema. Mtu anayenunua jipya akakaa nalo miaka 12 au 15 anaigawa hasara ile katika miaka yote hiyo, tena anajua kila oili iliyowekwa na kila siku gari lilipogongwa. Anayebadilisha gari kila baada ya miaka 3 ndiye anayelipia upya tena na tena.

Na kwa nini bei ianguke haraka hivyo? Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alilieleza jambo hili kwa kutumia soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi hajui. Kwa hiyo mnunuzi anatoa bei ya wastani, akijilinda na uwezekano wa kuangukia bovu. Mwenye gari zuri akiiona bei hiyo anaamua kubaki na gari lake, na sokoni mabovu yanazidi kuwa mengi. Mwaka 2001 Akerlof alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hii. Maana yake kwetu ni kwamba ule unafuu wa bei una sehemu mbili: moja ni nafuu ya kweli, nyingine ni fidia ya kununua mbuzi kwenye gunia.

Mimi nilimnunua huyo mbuzi. Odometa ilisoma kilometa 68,000, rangi inang'aa, na nilipofika muuzaji alikuwa ameshaliwasha, injini inanguruma kwa utulivu. Nikafurahi. Miezi michache baadaye fundi aliinama chini ya usukani akaniita nitazame mpira wa pedali ya breki. Ulikuwa umelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia. "Kilometa 68,000 hazili pedali hivi," akasema. Kisha akachomoa kijiti cha oili, na oili ilikuwa na rangi ya maziwa: maji ya rejeta yalikuwa yanaingia kwenye injini kupitia gasketi ya silinda hedi. Ndipo nikaelewa kwa nini gari lilinisubiri likiwa la moto. Lingewashwa likiwa baridi mbele yangu, ningeona linavyohangaika na moshi mweupe usiokatika.

Tangu siku hiyo, nikifika kuangalia gari, kwanza naweka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, naomba kurudi kesho asubuhi. Naangalia moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta yanayozidi. Nasoma pia tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT kwenye ubavu wa tairi. 3519 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Gari linalodaiwa kutembea kidogo huku likiwa na seti ya tatu ya matairi linajisema lenyewe.

Upande wa gari jipya, hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni usalama. Mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kupoteza mwelekeo linapoteleza ulikuwa wa lazima kwa magari mapya madogo ya Marekani kuanzia matoleo ya 2012, na Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia mwishoni mwa 2014. Gari la zamani zaidi ya hapo huenda halina kabisa. Kuna pia suala la mifuko ya hewa ya Takata, iliyosababisha magari mamilioni mengi kurudishwa kutengenezwa: kemikali iliyokuwa ndani iliharibika kwa joto na unyevu wa miaka, na mfuko ukifyatuka ungeweza kurusha vipande vya chuma. Tangazo la kurudisha gari humfikia mmiliki anayejulikana. Gari likishapita mikono minne huenda hakuna aliyeambiwa, kwa hiyo iulizie namba yake ya chesesi kwa mtengenezaji kabla ya kulipa.

Kwa anayeishi kwa gari lake, likilala gereji siku tatu hakuna mapato ya siku tatu. Huyo akinunua jipya lenye dhamana simlaumu. Na kwa magari ya umeme, uliza kwanza hali ya betri: watengenezaji wengi huidhamini kwa miaka 8 au kilometa 160,000, na ikishapita muda au kilometa hizo, hatari ni yako.

Na lile sharti la kununua lililotumika ni akiba. Kosa langu kubwa halikuwa kudanganywa kuhusu kilometa. Nilikuwa nimeimaliza bajeti yote kwenye bei ya kununulia, nikabaki mikono mitupu siku injini ilipofunguliwa. Ningetenga sehemu moja kati ya tano, gasketi ile ingekuwa usumbufu wa wiki moja. Ilikuwa balaa la miezi minane, gari likiwa limefunikwa turubai.

Gari la pili nilipewa kuchagua kati ya mawili yaliyoegeshwa sambamba. Moja lilikuwa limesafishwa hadi injini. La pembeni lilikuwa la miaka 4, mmiliki mmoja, bampa limechubuka, bei yake imezidi kidogo, na bahasha ya risiti za sevisi zote imo kwenye droo ya dashibodi. Nilichukua lenye bahasha, na kwa akiba iliyobaki nikabadilisha mkanda wa taimingi na matairi manne wiki hiyohiyo.