Kaboya ni mbali kwa mama wa shujaa
Mwandishi mmoja anasema mashujaa wa vita vya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, tunawaenzi ipasavyo kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, kwa mkuki, ngao na shada la maua. Sherehe naiheshimu, lakini "ipasavyo" siikubali. Baba yangu mdogo aliaga nyumbani mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakiwa yamevunja daraja la Kyaka, na hakurudi. Bibi alitunza shati lake jeupe kwenye sanduku la bati, akilianika juani kila kiangazi, hadi akafariki bila kufika makaburi ya Kaboya, kule Muleba mkoani Kagera, walikozikwa askari wa vita hivyo. Nauli hakuwa nayo, na hakuna aliyemwalika. Je, kuna wengine hapa ambao wazee wao hawajaliona kaburi la mtoto wao?