Mtoto wa agrigeti 8

Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, yalipotoka, niliketi katika kamati ndogo ya ufadhili wa masomo hapa Arua. Nafasi ilibaki moja, watoto wawili. Wa kwanza alipata agrigeti 4 (jumla ya madaraja ya masomo manne, ndogo ndiyo bora) katika shule ya bweni Kampala. Wa pili alipata 8 kijijini, nyumbani kwao hakuna hata taa. Shida ya nyumbani tulimpa wa kwanza 2 kwa 10, wa pili 10 kwa 10.

Kijana wetu wa kompyuta alileta programu ya kusaidia maamuzi. Unaipa vigezo na uzito wa kila kimoja, yenyewe inawapanga watoto. Tukakubaliana: matokeo 70, shida 30. Mara ya kwanza iliwapandisha juu walioanguka, maana hakuna aliyeiambia kwamba kwetu 4 ndiyo bora na 36 ndiyo mkia. Tulicheka, akarekebisha.

Lililofuata halikuchekesha. Alikuwa akigawanya 4 kwa agrigeti ya kila mtoto, basi mwenye 8 akapata nusu. Nusu! Na wote wawili ni daraja la kwanza, linalofika hadi 12. Mtoto wa kijijini akashindwa, 0.65 kwa 0.76. Nikamwomba apime upya, aangalie umbali kutoka 36: hatua 28 kati ya 32, yaani 0.875. Sasa akashinda, 0.91 kwa 0.76. Watoto ni wale wale na uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa hesabu ambao hakuna mwanakamati aliyekuwa ameuona.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kompyuta haina upendeleo, namwuliza: nani aliiandikia? Ni kweli inazuia simu ya mkubwa inayoingia saa nne usiku, na kwa hilo naipenda. Lakini upendeleo unaweza kuhamia ndani ya fomula, ukakaa humo kimya.

Vyuo vikuu vyetu vya umma vina fomula ya siku nyingi. Pointi za somo la lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, linalohusiana kwa 2, mengine kwa 1 au nusu. Tangu 1990 wasichana waliongezewa pointi 1.5, na baadaye zikaja nafasi zinazotengewa kila wilaya. Watu wamebishana nayo miaka yote, na wameweza kubishana kwa sababu mwanafunzi mwenye kalamu anaweza kujipigia hesabu mwenyewe. Programu za siku hizi nazidai hilo hilo: uzito na fomula vibandikwe ukutani kabla ya majina kuingizwa.

Sisi tulibandika tulipokwisha kuchagua, na hilo ni kosa letu. Mzazi wa mtoto wa 4 alisimama mbele ya karatasi ile kwa muda, akapiga hesabu kwenye simu yake. Akageuka: “Kwa nini shida ni 30, si 10?” Kwa 10, mwanawe angeshinda. Tulitazamana, hakuna aliyekuwa na jibu.