Zana ya Kuorodhesha Mafaili na Maelezo ya Mstari Mmoja
Jana, nikiwa chumbani kwangu hapa Area C, Dodoma, nilipoteza asubuhi nzima kwa sababu ya sentensi moja: "Huorodhesha mafaili yaliyomo kwenye folda." Hayo ndiyo maelezo yote ambayo mwenzetu aliyeunda zana ile ya kuorodhesha mafaili aliona yanamtosha wakala wa akili unde, yaani programu inayofanya kazi yenyewe kwa kutumia zana kama hiyo, ambaye hawezi kuinuka na kwenda kuuliza dawati la pili, wala kwa kawaida haoni msimbo ulio nyuma ya zana, anachokijua ni jina lake, vigezo vyake na maelezo hayo. Je, inaingia hadi folda za ndani? Inaonyesha mafaili yaliyofichwa, yale yanayoanza na nukta? Ina ukomo wa idadi? Hakuna neno. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba folda tupu na folda isiyokuwepo zilirudisha jibu lile lile, yaani orodha tupu, hivyo wakala, kwa kukosea herufi moja tu ya njia, yaani anwani ya folda, akaamini kwamba mradi hauna faili hata moja, akaanza kuandika upya kazi iliyokwisha kufanyika. Nilipomrekebishia njia, zana ikamwaga maelfu ya majina kutoka folda ya node_modules, inayohifadhi maktaba za msimbo ambazo mradi unazitegemea, yakajaza nafasi yake ya kumbukumbu kabla hajalifikia faili tulilolihitaji. Nilipolalamika, niliambiwa kwamba zana inajieleza yenyewe. Kwa nani? Sentensi nne zaidi zingetosha, na zingeandikwa kabla chai ya saa nne haijapoa.