Ruzuku ndogo ya ubalozi inaifaa Tanga, tukijua cha kuomba

Tangazo la ruzuku ndogo za Ubalozi wa Marekani likianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya asasi za Tanga, maswali huwa yaleyale. Wanachimba visima? Wanajenga madarasa? Jibu likiwa hapana, wengi wanaachana nalo hapo hapo. Mimi naona tunaachana nalo mapema mno.

Masharti ya fedha hizi hayajifichi. Hazijengi majengo, hazigharamii siasa za vyama wala shughuli za dini, hazilipii utafiti wa kisayansi, na hazitolewi ili kuikuza asasi yenyewe inayoomba. Kinachotakiwa ni shughuli inayowaunganisha watu wa nchi mbili, na upande wa Marekani uonekane ndani yake: mtaalamu, chuo, msanii au taasisi ya huko. Diplomasia ya umma ndiyo hiyo. Kisima kina wafadhili wake, na kinaweza kuombewa fungu kwenye bajeti ya halmashauri. Kujuana kwa watu hakuna anayekutengea fungu, ndiyo maana naitetea ruzuku hii hata ikiwa ni dola elfu chache tu.

Ninachokipinga ni namna tunavyozoea kuitumia. Mnaujua utaratibu: ukumbi wa hoteli, bango lenye nembo mbili, fulana, chai ya saa nne, mada zinazosomwa ukutani neno kwa neno, posho, picha ya pamoja. Ripoti inasema vijana wamefikiwa. Wamefikiwa na nini? Wiki inayofuata hakuna kijana wa Makorora mwenye rafiki Mmarekani wa kumwandikia, wala hakuna Mmarekani aliyeijua Tanga zaidi ya alivyoijua juzi. Risiti zote zipo, hesabu zimekaa sawa, na uhusiano uko palepale ulipokuwa.

Tanga haina haja ya kwenda njia hiyo, kwa sababu undugu na mji wa Marekani tunao tayari. Toledo, katika jimbo la Ohio, ni mji dada wa Tanga. Najua wapo wakazi wa hapa wanaolisikia jambo hili leo kwa mara ya kwanza, na hilo linaniuma. Undugu wetu na Eckernförde ya Ujerumani, ulioanza mwaka 1963, umeacha angalau jina kwenye shule, na watoto wetu wanalitamka kila siku. Toledo ni nani anayeitamka?

Na Toledo ina mengi ya kuzungumza nasi. Ni mji wa bandari kama wetu, umekaa pale Mto Maumee unapoingia Ziwa Erie. Mwezi Agosti 2014 watu wapatao 500,000 wa mji huo na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Hata kuyachemsha hakukufaa kitu, kwa kuwa sumu yenyewe haiondoki kwa moto. Ilitokana na mwani uliostawi ziwani, na kilichoulisha mwani huo zaidi ni mbolea iliyosombwa na mvua kutoka mashamba ya juu ya mto. Kwa siku mbili tatu mji wa nchi tajiri, ulio kando ya ziwa kubwa, ukawa unapanga foleni ya maji ya chupa.

Sasa tazama maji yetu. Tanga inakunywa Mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki, hadi bwawa la Mabayani. Huko juu kuna wakulima wa iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, na wapo waliojiunga katika umoja wao, UWAMAKIZI, ili walime bila kuuharibu mto. Anayefungua bomba Ngamiani anawategemea watu hawa. Wanachokijua wao kuhusu kulima kando ya mto, Toledo wanakihitaji. Na Toledo wanajua jambo moja ambalo sisi hatujalipitia na tusiombe kulipitia.

Ningekuwa naandika andiko la mradi, ningeandika hili. Darasa moja la sekondari Tanga na darasa moja Toledo wafuatane kwa mwaka mzima. Vijana wetu wapande kutoka Mabayani hadi Amani, wawahoji wakulima, wapige picha. Wenzao wafanye vivyo hivyo kando ya Maumee. Kila mwezi wakutane kwa video, wasimuliane, wabishane. Mwisho watengeneze vipindi kwa Kiswahili na Kiingereza, virushwe na redio za hapa na za kwao. Huo si utafiti wa kisayansi, kwa hiyo sharti halivunjwi. Gharama ni nauli, vifurushi vya intaneti, kamera na posho ya walimu. Ukumbi hauhitajiki, maana wana madarasa yao.

Ubalozi nao nina neno nao. Andiko linatakiwa kwa Kiingereza, bajeti kwa dola, na fomu zake zinamshinda hata mtu aliyesoma. Kikundi chenye mwandishi wa kulipwa kinapita. Mwalimu wa Pongwe mwenye wazo zuri na wanafunzi wenye hamu anabaki nje. Mtu huyo ndiye mnayemtafuta. Ubalozi una watumishi Watanzania, na Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu vya Marekani. Pokeeni wazo la awali kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu. Likiwavutia, ndipo muombe andiko kamili na mumsaidie mtu kuliandika.

Wakati tukilisubiri hilo, Halmashauri ya Jiji inaweza kuanza kesho. Maafisa maendeleo ya jamii wa kata tunao. Wakae na vikundi viwili vitatu na kuvisajili katika mfumo wa SAM wa serikali ya Marekani, ambao asasi inayoomba ruzuku kwa kawaida hutakiwa kuwamo. Usajili huo ni bure, kwa hiyo yeyote anayewadai fedha za usajili wenyewe mkataeni. Huhuishwa kila mwaka, na unaweza kuchukua wiki kadhaa kukamilika. Anayeuanza siku tangazo linapotoka huenda akaikuta tarehe ya mwisho imeshapita.