Alama 43 katikati ya usiku: kuitetea mechi ya vichekesho

Mtoto wa ami yangu alikuja Lamu kutoka Malindi mwisho wa mwezi uliopita, na kabla ya kumaliza kikombe cha pili cha kahawa pale barazani kwetu Mkomani alikuwa ameshaivuta laptopu yangu kuona kampuni yangu ya mieleka, ile ya kwenye gemu la kompyuta, imefika wapi. Akaanza kushuka na kidole kwenye mechi za usiku mmoja: 66, 71, 74. Kidole kikagota kwenye 43. "Bwana we, na hii?" Nikamwambia hiyo ni mechi ya vichekesho. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

Gemu lenyewe ni Total Extreme Wrestling, kazi ya Mwingereza Adam Ryland. Huoni watu wakirushana. Ni maandishi na namba tu. Wewe ndiye mwenye kampuni: unaajiri, unalipa, unapanga nani apambane na nani, kwa dakika ngapi, nani ashinde, na kila mechi unaipa kusudi lake. Kuna kusudi la kuwaamsha mashabiki, kuna la kuonyesha ufundi, na kuna la kuchekesha. Mwisho kila mechi inapewa alama kati ya 100, na alama hizo ndizo zinazotugombanisha.

Hoja ya ndugu yangu si ya kupuuzwa, na huwezi kuijibu kwa kumwambia acha ukali. Anasema hivi: nina saa mbili tu za onyesho, kila dakika kumi ni mali. Nikimpa mzee mwenye kofia ya karatasi dakika hizo, nimemnyima kijana anayehitaji kujulikana. Tena namlipa mzee huyo. Tena alama zake zinaniaibisha. Na kuna mashabiki wanaofuata mieleka kwa ajili ya mapambano, wakiletewa mzaha wanaona wamedharauliwa. Hapo mwisho ana haki kabisa, maana kampuni yake ameijenga kwa sura ya mapambano makali, na gemu hili linajali sana sura uliyoichagua. Kampuni ya mtindo huo ukiiletea kichekesho, watu wako hawacheki. Umewaitia shari na inakuja. Kwa kampuni kama yake sina la kumfunza.

Lakini yeye alikuwa anaisoma kampuni yangu, na aliisoma kama karatasi ya mtihani, kwamba 43 moja inashusha wastani wa darasa zima. Usiku wa mieleka hauhesabiwi hivyo. Mechi kuu, ile inayofunga onyesho, ndiyo yenye uzito mkubwa. Ile iliyo katikati watu wanaondoka wameshaisahau. Sasa swali la maana ni ile 43 imeifanyia nini mechi inayofuata, na hilo huwezi kulisoma kwenye mstari wa 43.

Mashabiki ndani ya gemu wanachoka, jambo ambalo wachezaji wengi wanalijua kisha wanapanga kana kwamba hawalijui. Weka mechi tatu za moto mfululizo, na ya nne, hata wakiwa ndani mabingwa wawili, inatazamwa na watu walioishiwa sauti. Unashangaa mbona mechi kuu imepata 72 na wapiganaji wale wale walipata 80 mwezi uliopita. Unamlaumu bingwa, unambadilisha, unamwaga pesa kumleta mwingine. Kumbe tatizo lilikuwa nusu saa kabla yake.

Aliyekulia hapa hahitaji gemu kumwambia haya. Tazama kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, wakati wa harusi. Wanaingia wawili mafundi, fimbo zinagongana, nzumari inapanda, duara linabana mpaka watoto wanasukumwa ndani. Wakitoka hao, mara nyingi nimeona anaingia mtu mzima mmoja ameishika fimbo kama mkongojo, anazunguka, anatisha kupiga, halafu anakimbia mwenyewe. Watu wanavunjika mbavu. Duara linalegea, mtu anapata nafasi ya kupumua na kumtafuta mwanawe. Wakiingia mafundi wengine, macho yamerudi mapya. Hakuna mtu Lamu nzima aliyewahi kusema yule mzee ameshusha kiwango cha kirumbizi.

Ndugu yangu akasema hizo ni hadithi, nimwonyeshe kwenye mashine. Haya. Nilikuwa nimehifadhi faili kabla ya onyesho, tukalirudia pale pale, mechi zile zile, ila penye kichekesho tukatia pambano zuri la vijana wawili. Vijana wakapata 69, akapiga kofi. Mechi kuu ikatoka 74. Kwenye faili langu la awali ilikuwa 79. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ni bahati, gemu lina kubahatisha kwake. Kweli lina. Tukarudia tena na mara ya tatu tofauti ikawa ndogo kiasi cha kumpa raha. Sitasema nimethibitisha kitu kwa mara tatu. Ila nimecheza hivyo kwa miaka, na ninajua mechi kuu zangu zinaangukia wapi ninapousahau mzaha.

Kuhusu mshahara, hapo ndipo ninapomwona amepitwa na jambo zuri zaidi. Mechi ya aina hii haihitaji mapafu wala magoti. Inahitaji mvuto, uigizaji kidogo, na mtu anayejua lini anyamaze. Hao wapo, na wengi ni wazee ambao kampuni nyingine zimewaacha kwa sababu namba zao za nguvu zimeporomoka. Unawapata kwa bei ya kahawa. Tena wanakaa chumba kimoja na vijana wako.

Na huu si ujanja wa gemu tu. Giant Baba, mwanamieleka wa Japani aliyeanzisha kampuni ya All Japan mwaka 1972, aliongoza kampuni iliyosifika katika miaka ya 1990 kwa mapambano mazito kuliko karibu kampuni yoyote: Misawa, Kawada, Kobashi, watu wakipigana hadi shingo zikaharibika. Katikati ya usiku huo huo yeye mwenyewe, mzee mrefu aliyekwisha kwa mwili, alikuwa anaingia na Rusher Kimura kupambana na kina Haruka Eigen na Masanobu Fuchi, mechi za wazee watatu kwa watatu, mate yanaruka, maneno ya kuchekesha kwenye maikrofoni baadaye. Mwenye kampuni! Angekuwa anahesabu wastani kama ndugu yangu, asingejipanga mwenyewe.

Upande wa pili una jibu lake, na jibu hilo lina jina: Santino Marella. Aliingia WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, mwaka 2007 kule Milan kwa kumshinda Umaga na kuchukua mkanda wa Intercontinental, ubingwa ulio chini ya ule wa dunia, usiku wake wa kwanza. Miaka miwili baadaye, kwenye Royal Rumble ya 2009, mechi ya watu wengi ambayo anayetupwa nje ya ulingo ametoka na anayebaki wa mwisho anashinda, Kane alimtupa nje kwa sekunde 1.9, rekodi ya aibu. Ndugu yangu anasema huyo ndiye mfano wake: mtu ukishamfanya wa kuchekwa, amekwisha, na hakuwahi kuwa bingwa wa dunia.

Mimi namsoma mtu huyo huyo kwingine. Mwaka 2011 alibaki wa mwisho na Alberto Del Rio katika Rumble ya watu 40, na kwa dakika moja watu walisimama. Mwaka 2012, kwenye Elimination Chamber, mechi ya watu sita ndani ya kizimba cha chuma, akabaki na Daniel Bryan peke yao, mkanda wa dunia ukiwa mbele yao, na ukumbi ukaamini. Ulimwamini kwa sababu ulikuwa umemcheka miaka mitano. Toru Yano naye, mtu wa kufunga watu kwa utepe na kuvua mito ya kona za ulingo, mwaka 2018 alimshinda Kenny Omega kwenye G1 Climax, mashindano makubwa ya kampuni ya New Japan, naye Omega alikuwa bingwa wa IWGP, mkanda mkuu wa kampuni hiyo. Mchekeshaji anayeshinda mara moja kwa mwaka ana thamani ambayo mpiganaji wa kawaida anayeshinda mara kumi hana.

Lakini lazima ashinde hiyo mara moja, na mimi mwenyewe nililipuuza hilo. Nilikuwa na kijana fundi, mikono safi, nikamvalisha vazi la kuku kwa sababu mzee wangu aliumia goti. Nilisema ni kwa wiki mbili. Zikawa miezi mitatu, hajashinda hata mara moja, na nilipotaka kumpandisha kupigania mkanda mashabiki hawakumtaka. Mpaka leo yupo kwenye orodha yangu, simtumii, namlipa tu kwa kuona aibu. Ndugu yangu alipoona jina lake alicheka kuliko alivyocheka kitu chochote usiku ule, na sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo siku hizi mimi naweka kichekesho kimoja tu, hakuna cha pili usiku huo, na ninakiweka mara baada ya mechi iliyowachosha watu. Bingwa simgusi. Kijana ninayemlea simgusi. Penye ugomvi wa damu, hasa ule niliouchochea kwa wiki nyingi, mzaha hauna nafasi.

Alirudi Malindi kwa basi la asubuhi. Baada ya siku nne akanitumia picha ya skrini, usiku wa kampuni yake kali, na katikati mechi ya wazee wawili: 38. Chini yake ameandika, "Umeona?" Nikaitazama picha vizuri. Orodha imekatwa palepale chini ya hiyo 38. Nikamwandikia, ndugu yangu, na mechi kuu iko wapi?