Kabla hujafungua mabano ya sin(x + 30°), tulia kwanza

Nina ugomvi na jinsi tunavyofundishwa fomula za kujumlisha na kutoa pembe. Fomula zenyewe ziko poa kabisa, sina neno nazo. Shida ni kwamba mtu akishakariri tu kuwa sin(A + B) = sin A cos B + cos A sin B, basi kila akiona mabano kwenye mlinganyo anayafungua hapohapo, hata hajauliza swali linataka nini.

Najua maana na mimi nilikuwa hivyohivyo. Chukua sin(x + 30°) = ½, tutafute x kuanzia 0° mpaka kabla ya 360°. Mimi nilikuwa nafungua, napata (√3/2) sin x + ½ cos x = ½, najiona nimefanya kazi ya maana, alafu nakwama, maana sasa nina saini na kosaini kwenye mstari mmoja na zote zimenikodolea macho. Basi nazidisha kwa 2, nahamisha, nabaki na √3 sin x = 1 − cos x, napandisha pande zote kwenye kipeo cha pili, nageuza sin²x kuwa 1 − cos²x, nusu ukurasa umeisha, mwishoni inatoka 2cos²x − cos x − 1 = 0, yaani cos x ni 1 au −½. Majibu: 0°, 120°, 240°. Safi eh? Hapana, 240° ni jibu la uongo, weka uone, sin 270° ni −1 sio ½. Limeingia pale kwenye kipeo cha pili, na usipohakiki linabaki hapo linakula maksi zako taratibu.

Na hayo yote ya nini? Mabano yalikuwa yanakwambia kila kitu. x + 30° ni pembe moja tu, saini yake ni ½, kwahiyo ni 30° au 150°, toa 30° unabaki na 0° na 120°. Mistari miwili, umemaliza.

Sasa sisemi usifungue kabisa. Kuna maswali bila kufungua hutoki, mfano sin(x + 60°) = 2 sin x. Hapa x iko ndani ya mabano na iko nje pia, na ile 2 inakuzuia kulinganisha pembe na pembe. Fungua: ½ sin x + (√3/2) cos x = 2 sin x, kusanya saini upande mmoja, utapata √3 cos x = 3 sin x, gawanya kwa cos x (haiwezi kuwa sifuri hapa, ingekuwa sifuri basi sin x nayo ingekuwa sifuri, kitu ambacho hakiwezekani), tan x = 1/√3. Jibu 30° na 210°. Hapo fomula imefanya kazi yake.

Ila kwa maoni yangu uzuri wake halisi uko kwenye kuisoma kinyumenyume, na hiki ndo kitu kinachopitwa harakaharaka. Ukikutana na sin 3x cos x − cos 3x sin x = √3/2 usianze kuchambua sin 3x, utajuta. Huo ni upande wa kulia wa fomula ya kutoa, sin(A − B) = sin A cos B − cos A sin B, kwahiyo ni sin(3x − x), yaani sin 2x. Halafu kumbuka kama x inafika 360° basi 2x inafika 720°, kwahiyo 2x ni 60°, 120°, 420°, 480°, na x ni 30°, 60°, 210°, 240°. Wengi wanaishia kwenye majibu mawili ya kwanza na wanafunga daftari kwa amani.

Ukiangalia fomula hizi zilikotoka, kazi yake ilikuwa hesabu hasa. Ptolemy, mwanaastronomia wa kule Alexandria karne ya 2, alitumia kanuni ya tofauti ya pembe kujaza jedwali lake la nyuzi za duara (uzi ni mstari mnyoofu unaounganisha nukta mbili za duara) kwa ajili ya astronomia: anajua uzi wa pembe ya 72° na wa 60°, anapata wa 12°, kisha anagawa nusu, 6°, 3°, anashuka. Alikuwa anaitumia pale tu ilipompa kitu ambacho hakuwa nacho.

Na kama bado unaona nakuza mambo, nikupe hii ya tanjenti. tan(x + 45°) = −1. Fungua kwa fomula, kwakuwa tan 45° ni 1 unapata (1 + tan x)/(1 − tan x) = −1, zidisha, 1 + tan x = −1 + tan x, tanjenti zinafutana, umebaki na 1 = −1. Mwanafunzi anaandika "hakuna jibu" na anapiga mstari chini. Lakini weka x = 90°: tan 135° ni −1 kabisa! Na 270° pia. Majibu yote mawili yalikuwepo, ila tan 90° haipo, na fomula inataka tan x iwepo kabla haijaanza kazi, kwahiyo ile siku ulipofungua mabano uliyafukuza majibu yote kwa mkono wako mwenyewe.