Kuchelewa kwa data: tutabiri au tuongeze njia?

Wafanyabiashara wa utalii Arusha wanaozungumza na wateja kwa simu ya video wanaijua adha hii: asubuhi sauti safi, usiku inakatikakatika. Je, kuchelewa huko kunatabirika, au dawa ni kununua intaneti kubwa zaidi?

Sehemu moja haina fumbo. Ndani ya faiba mwanga huenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za mkongo hula milisekunde 5. Kinachosumbua ni foleni ndani ya ruta, yaani vifaa vinavyoelekeza data njiani. Mdenishi Agner Krarup Erlang alichapisha hesabu zake za simu mwaka 1909, na nadharia ya foleni iliyokua kutokana nazo inatisha kidogo. Katika foleni ya mfano rahisi kabisa, njia ikitumika kwa asilimia 50, pakiti (kipande kidogo cha data) hukaa wastani wa mara 2 ya muda wa kuhudumiwa. Kwa asilimia 90, mara 10. Kwa asilimia 95, mara 20. Ndiyo maana mtandao uliovumilia mchana kutwa huzidiwa ghafla jioni kwa watumiaji wachache tu wa ziada.

Wanaopinga utabiri wana hoja nzito. Mwaka 1994 mtafiti Will Leland na wenzake walionyesha kuwa trafiki, yaani mtiririko wa data, ya Ethernet (mtandao wa kuunganisha kompyuta za ofisini) huja kwa vishindo, uipime kwa sekunde au kwa saa. Haitulii kama hesabu za simu zinavyodhani. Tena, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika Mei 2024 na intaneti ya Tanzania kuyumba, hakuna hesabu ya foleni ambayo ingeliona hilo.

Hata hivyo, sikubali kwamba kutabiri ni kazi bure. Tangu kazi ya mtaalamu wa mitandao Van Jacobson ya mwaka 1988, itifaki ya TCP (kanuni zinazosimamia usafirishaji wa data kwenye intaneti) hukadiria muda wa pakiti kwenda na kurudi, pamoja na kuyumba kwake, ndipo iamue isubiri jibu hadi lini. Inatabiri safari ijayo, si mwezi ujao, na inafanikiwa kwa sababu hiyo.

Kwa mipango ya miezi, naamini zaidi katika kufupisha njia. Arusha ina kituo chake cha kubadilishana trafiki, AIXP. Data inayopita hapo kati ya watoa huduma wawili haina sababu ya kushuka Dar es Salaam na kupanda tena. Na anayelipia intaneti asiridhike na wastani. Amuulize mtoa huduma: saa mbili usiku, ile pakiti 1 kati ya 100 inayochelewa kuliko zote huchukua milisekunde ngapi?